Bosi anakubana kwa sababu ya jeshi? Fanya hivi kabla kibarua hakijaota nyasi

Hii naiandika kwa ndugu zetu walioko Marekani ambao wana kazi zao za kawaida na bado wamevaa gwanda la Jeshi la Akiba au Walinzi wa Taifa, na pia kwa maveterani ambao wameshatoka jeshini wakawa wanatafuta kazi na kuambiwa maneno ya pembeni. Wapo wengi, wasaidizi wa manesi, madereva wa malori, watu wa maghalani, watu wa kompyuta, na malalamiko ni yaleyale, supavaiza anamwambia mtu "chagua moja, ni sisi au ni jeshi", au masaa yanakatwa taratibu kila baada ya drili (yale mazoezi ya kijeshi ya mara kwa mara, mara nyingi ya wikendi) mpaka mtu anajiondoa mwenyewe. Inaniuma kwa sababu sheria ya kuwalinda ipo na ina meno, ila watu wana haki na hawana karatasi, na kesi za namna hii zinasimama au kuanguka kwenye karatasi.

Kwanza ijue sheria yenyewe kwa jina

Inaitwa USERRA, ni sheria ya Marekani nzima inayolinda ajira za wanajeshi, ilisainiwa na Rais Clinton Oktoba 13, 1994. Ukienda HR (idara ya rasilimali watu) ukasema "nina haki zangu" watakutazama tu, ukisema "naomba mnijibu kwa mujibu wa USERRA" mazungumzo yanabadilika, maana mtu wa HR anajua hilo jina litamfika mwanasheria wa kampuni.

Inamshika mwajiri yeyote, serikali au binafsi, mkubwa au mdogo, hata mwenye mfanyakazi mmoja tu. Hapo inatofautiana na sheria ya ulemavu, ADA, ambayo inaanzia kwa waajiri wenye wafanyakazi 15. Wanaoachwa nje ni wakandarasi wa kujitegemea, wale tunaowaita watu wa 1099 kwa jina la fomu yao ya kodi, ila hata hapo kinachoangaliwa ni unavyofanya kazi kweli na nani anakupangia, kwa hiyo usijitoe mapema eti kwa sababu bosi alikuandikia 1099.

Inakataza mtu kunyimwa kazi, kunyimwa cheo, kufukuzwa, kunyimwa marupurupu au kutorudishwa kazini kwa sababu alitumikia jeshi, anatumikia, au ameomba kujiunga. Tangu 2011 sheria iliongezewa maneno ambayo yanafungua mlango wa kulalamikia hata manyanyaso ya kila siku kazini, yale matusi na kejeli kuhusu jeshi. Na Walinzi wa Taifa wakiitwa na gavana wa jimbo, zamani walikuwa wanaachiwa sheria za jimbo tu, lakini tangu Januari 2021 nao wanaingia humu kama wito ni wa siku 14 au zaidi, au ni kwa ajili ya dharura ya kitaifa au janga kubwa lililotangazwa rasmi.

Sasa kitu ambacho watu wengi hawakijui: huhitaji kuthibitisha kwamba jeshi ndiyo sababu PEKEE. Inatosha uonyeshe kwamba ilikuwa mojawapo ya sababu zilizomsukuma mwajiri, ukishafika hapo mzigo unahamia kwake, yeye ndiye athibitishe kwamba angekufukuza vilevile hata usingekuwa mwanajeshi. Ndiyo maana maneno ya supavaiza ni dhahabu.

Angalia kesi ya Staub dhidi ya Proctor Hospital, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu Machi 2011. Vincent Staub alikuwa fundi wa vipimo vya mishipa ya damu katika hospitali ya Peoria, Illinois, na huku askari wa akiba. Mkubwa mmoja alikuwa anasema drili ni watu kukaa kuvuta sigara na kupiga soga kwa pesa za walipa kodi, mwingine alikuwa anampanga shifti za ziada bila kumwambia eti alipie usumbufu aliowasababishia wenzake. Baadaye wakamwandikia onyo, na mwaka 2004 akapigwa kalamu. Aliyesaini kumfukuza alikuwa mtu wa HR ambaye mwenyewe hakuwa na chuki na jeshi, na hospitali ikajificha hapohapo. Mahakama ikakataa. Kama supavaiza mwenye chuki alifanya kitu kwa nia ya kukuangusha, na kitu hicho ndicho kikachangia ufukuzwe, kampuni inaweza kuwajibika hata kama kalamu ilishikwa na mtu mwingine. Baraza la wazee wa mahakama lilikuwa limempa Staub dola 57,640. Si utajiri, lakini uamuzi ule unatumiwa hadi leo na watu wengi sana.

Toa taarifa kwa maandishi, hata kama mdomo unatosha

Sheria inakubali taarifa ya mdomo. Mimi sikushauri hata kidogo. Ukimwambia supavaiza kwenye korido na yeye akasahau, au akajifanya kasahau, umebaki na neno lako dhidi ya lake, na siku inayofuata umeandikiwa "hakuja kazini bila taarifa". Tuma meseji au imeili, na kama kampuni ina mfumo wa kuomba ruhusa weka na huko pia. Wizara ya Ulinzi inashauri utoe taarifa siku 30 kabla ikiwezekana, lakini kama oda (amri ya jeshi ya kukuita) imekuja ghafla toa taarifa dakika ileile unayoipata.

Utaiandika kwa Kiingereza bila shaka, ila maana iwe hivi:

"Habari. Nakujulisha kwamba nitakuwa kwenye wajibu wa kijeshi kuanzia Ijumaa tarehe 6 hadi Jumapili tarehe 8. Natarajia kurudi kwenye shifti yangu ya Jumatatu tarehe 9. Nikipata mabadiliko ya oda nitakuambia mara moja. Naomba uthibitishe umepokea."

Ni hiyo tu. Usiseme "naomba ruhusa", andika "nakujulisha", kwa sababu hii si ruhusa, mwajiri hana mamlaka ya kukataa. Hutakiwi kutafuta mtu wa kukushikia shifti, hiyo kazi ni ya meneja. Hawawezi kukulazimisha utumie siku zako za likizo, ukitaka kuzitumia ili ulipwe ni hiari yako. Na hawawezi kusema "bila kopi ya oda huendi", wanaweza kuomba karatasi ya kuthibitisha baada ya kurudi kama ulikaa zaidi ya siku 30. Hata hivyo kama unayo kopi wape, ratiba ya drili ya mwaka mzima ukiipata ifowadi kwa HR na supavaiza siku hiyohiyo. Ustaarabu huo haupunguzi haki yako yoyote, na ukifika kwenye kesi unaonekana mtu uliyejitahidi.

Anzisha kumbukumbu leo, siyo siku ya kufukuzwa

Hapa ndipo nataka ukae. Ubaguzi wa namna hii mara nyingi hauji kwa barua, unakuja kwenye rosta. Mwezi wa pili una masaa 40 kwa wiki, unatoka drili ya mwezi wa tatu unakuta 32, unarudi mafunzo ya wiki mbili za kiangazi unakuta 20 na shifti mbovu zote ni zako. Kila moja peke yake meneja ataieleza, eti biashara imepungua, eti kuna mtu mpya. Ukiziweka kwenye mstari mmoja pamoja na tarehe za drili, ndiyo picha inatoka.

Kwa hiyo chukua daftari au faili kwenye simu yako binafsi uwe unaandika hivi: tarehe, saa, nani alisema, maneno yenyewe kama yalivyotoka mdomoni, nani alikuwa karibu. Mfano, "Jumanne tarehe 10, saa nane mchana, chumba cha mapumziko, meneja wa zamu kaniambia 'nimechoka kukuzibia pengo kila mwezi', mwenzangu wa shifti kasikia." Usiongeze chumvi, usiandike ulivyojisikia kurasa tatu, andika kilichotokea. Halafu piga skrinshoti za rosta KABLA na BAADA ya kila drili, tunza tathmini zako za kazi hasa zile nzuri za zamani, tunza payslipu. Tathmini nzuri kwa miaka halafu ghafla mbaya mwezi mmoja baada ya kutoa taarifa ya oda ni ushahidi mkubwa kabisa.

Na hivi vyote visikae kwenye kompyuta ya kampuni wala imeili ya kazini. Siku wakikutoa wanafunga akaunti kabla hujafika kwenye gari. Pia usibebe nyaraka za siri za kampuni wala taarifa za wagonjwa au wateja, utawapa sababu halali ya kukufukuza. Kurekodi sauti ya bosi kwa siri nako kuna hatari, majimbo mengine yanataka kila anayerekodiwa akubali, kwa hiyo uliza mwanasheria wa jimbo lako kwanza.

Rudi kwa wakati, hapa watu wanajiangusha wenyewe

Haki ya kurudishwa kazini ina masharti. Uwe ulitoa taarifa, jumla ya muda uliokaa nje kwa mwajiri huyo isizidi miaka 5 (drili, mafunzo ya kila mwaka na wito mwingi wa lazima havihesabiwi humo), usiwe umetoka jeshini kwa aibu, na urudi ndani ya muda. Muda wenyewe uko hivi. Ukikaa siku 30 au chini, unaripoti kwenye shifti kamili ya kwanza ya siku inayofuata, baada ya safari ya kufika nyumbani salama na masaa 8 ya kupumzika. Ukikaa siku 31 hadi 180, unaomba kurudi ndani ya siku 14. Ukizidisha siku 180, una siku 90. Kama uliumia au uliugua ukiwa kazini jeshini, muda unaweza kusogezwa hadi miaka 2 ukiendelea kupona.

Tuchukue mfano wa wikendi. Drili inaisha Jumapili saa kumi na moja jioni, unaendesha masaa mawili, uko nyumbani saa moja usiku. Hapo unahesabu masaa 8, inafika saa tisa usiku. Bosi hawezi kukulazimisha uingie shifti ya Jumapili saa tano usiku, kama alikupanga humo ni kosa lake. Lakini ile ya Jumatatu saa moja asubuhi ni yako na lazima uwepo. Wasaidizi wa manesi wa zamu za usiku hili lishikeni vizuri maana ndiko wanakopigwa sana.

Kwa safari ndefu andika barua ya kuomba kurudi. Mdomo unakubalika hapa pia, ila nishasema. Na usingoje siku ya 89.

Angalia wamekurudisha wapi

Kanuni hii ilianza kwenye kesi ya Fishgold mwaka 1946, majaji wakasema askari akirudi hapandi pale alipoiachia ngazi ya umeme, anapanda pale ambapo angekuwa kama asingeishuka. Maana yake kama wenzako wote wa daraja lako waliongezewa mshahara ukiwa nje, na wewe unaongezewa. Kama kulikuwa na mtihani wa cheo, upewe nafasi ya kuufanya. Ukuu kazini unaendelea kuhesabiwa, na pensheni vilevile, kama ni ile ambayo wewe unachangia una nafasi ya kufidia michango yako kwa muda mara tatu ya ule uliotumikia, mwisho miaka 5. Bima ya afya unaweza kuendelea nayo hadi miezi 24 ukiwa nje kwa kulipa si zaidi ya asilimia 102 ya gharama nzima, na ukirudi inaanza tena bila kungoja.

"Tumeshaajiri mtu mwingine kwenye nafasi yako" si sababu, hata kama inabidi huyo mtu aondolewe. Lakini tuseme ukweli, ngazi inaweza pia kushuka. Kama idara yako nzima ilifungwa na wewe ungeachishwa pamoja na wenzako, sheria haikutengenezei kazi ambayo haipo.

Ukisharudi baada ya siku zaidi ya 180 huwezi kufukuzwa bila sababu ya msingi kwa mwaka mmoja, na kama ulikaa siku 31 hadi 180 kinga hiyo ni siku 180. Na kitu kimoja wengi wanakipita: kama kampuni inawalipa watu wanaokwenda kwenye baraza la mahakama au msiba, uliza kwa nini wewe wa drili fupi hulipwi. Mahakama kadhaa za rufaa zimeshasema tangu 2021 kwamba hiyo inaweza kuwa marupurupu unayonyimwa.

Ukishabaguliwa, ngazi za kulalamika

Anza na HR kwa imeili fupi yenye tarehe, yenye jina USERRA, na unachotaka hasa, iwe ni kurudishiwa masaa au kufutiwa onyo. Mara nyingine hapo yanaisha kwa sababu meneja alikuwa hajui tu. Kukulipizia kisasi kwa kulalamika ni kosa jingine linalojitegemea, na mwenzako atakayekutolea ushahidi naye analindwa hata kama hajawahi kuvaa gwanda maishani mwake.

Ikigoma, piga ESGR, ni ofisi ya Wizara ya Ulinzi iliyoanzishwa 1972, ina wasuluhishi wa bure wanaompigia mwajiri na kumweleza sheria bila kesi. Kwa mtu anayependa kazi yake na anataka kubaki, mimi hapa ndipo ningeanzia.

Ikishindikana, peleka malalamiko VETS, idara ndani ya Wizara ya Kazi, kwa fomu ya 1010 ambayo inajazwa hata mtandaoni. Wana siku 90 za kuchunguza. Usiporidhika unaomba faili lako lipelekwe Wizara ya Sheria, ambao wanaweza kukuwakilisha bila malipo. Wafanyakazi wa serikali kuu wao wanapelekwa kwa Office of Special Counsel, ofisi inayowatetea, na MSPB, baraza linalosikiliza malalamiko yao. Au unaruka haya yote na kwenda kwa mwanasheria binafsi moja kwa moja, inaruhusiwa, na mahakama hairuhusiwi kukutoza ada ya kufungua kesi ya USERRA. Serikali za majimbo nazo hazijifichi tena eti haziwezi kushtakiwa, kesi ya Torres dhidi ya idara ya usalama wa umma ya Texas ilimaliza ubishi huo Juni 2022.

Utapata nini? Kurudishwa kazini, mishahara iliyopotea, na kwa sheria iliyosainiwa Januari 2, 2025, mwajiri aliyevunja sheria akijua anaweza kuongezewa fidia ya dola 50,000 au kiasi ulichopoteza, chochote kilicho kikubwa. Pesa za maumivu ya moyo usizitegemee.

Usisaini kwa hasira, wala kwa njaa

Siku ya kufukuzwa watakuwekea karatasi mezani, "saini hapa tukupe mshahara wa wiki sita". Ndani kuna sentensi kwamba unasamehe madai yote. USERRA inasema hakuna mkataba unaoweza kupunguza haki zake, lakini kuna mahakama zimekubali misamaha ya aina hiyo na kumwacha askari mikono mitupu, na zimekubali pia vile vifungu vya kupeleka mgogoro kwa msuluhishi binafsi badala ya mahakamani. Chukua karatasi, sema "nitaisoma nyumbani", mtafute mwanasheria. Usijiuzulu wala usitukane mtu kwenye grupu la WhatsApp la kazini, skrinshoti wanazo na wao.

Maveterani

Kwenye intavyuu wakikuuliza "vipi, utaitwa tena?" au "ulipigana vita, uko sawa kichwani?" usigombane. Swali la kwanza lenyewe si kosa, kosa ni kukunyima kazi kwa sababu ya jibu. Jibu kwa ufupi, rudi kwenye ujuzi wako, ukitoka nje andika swali neno kwa neno na jina la aliyeuliza. Kuhusu afya ya akili au kilema ulichopata jeshini, hapo inaingia ADA pia, na malalamiko yanakwenda EEOC, tume ya serikali ya usawa kazini, ndani ya siku 180, au 300 kwenye majimbo mengi. Huo muda ni mfupi kuliko unavyodhani. USERRA yenyewe tangu 2008 haina kikomo cha muda wa kufungua kesi, ila usikae miaka kumi, jaji anaweza kusema ulichelewa mno mpaka ukamwumiza mwajiri kujitetea. DD-214 yako, ile hati ya kutoka jeshini, itoe kopi kadhaa, na kama ajira ni ya serikali kuu na walipuuza kipaumbele cha veterani, hilo ni dai tofauti, una siku 60 tu za kulipeleka VETS.

ESGR ni 1-800-336-4590, Wizara ya Kazi ni 1-866-487-2365. Kabla hujapiga weka mbele yako tarehe za drili, zile rosta, na jina la kisheria la kampuni kama lilivyo kwenye payslipu, maana ndicho kitu cha kwanza watakachokuuliza na jina la kwenye kibao cha mlangoni mara nyingi silo.